Pongezi kwa Waliojenga Kasongo

Anayetafuta ramani ya nyumba ya kupumzikia mwisho wa juma si lazima aende pwani. Aiangalie Kasongo, mashariki mwa Kongo. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Unguja, alipoweka makao yake huko miaka ya 1870, ujenzi wa Unguja ulimfuata. Sidney Hinde, daktari aliyeingia na jeshi la Mfalme Leopold wa Ubelgiji mwaka 1893, alieleza chumba alichokichukua: urefu kama meta 24, upana usiofika meta 5, mlango ukifungukia bustani ya michungwa, na mbele yake macho yakifika maili tano. Utulivu ndio huo: chumba chembamba hupitisha hewa, na mlango huingiza kivuli na harufu ya maua.

Nani tumpongeze? Si bwana mwenye mji, bali mafundi na vibarua, wengi wao watumwa, waliokanyaga udongo wa kujengea. Majina yao hayakuandikwa. Kasongo yao ya zamani leo ni magofu ya Tongoni, lakini fundi mzuri bado anajua kwamba nyumba bila baraza haijaisha. Hongereni, mafundi! Mteja akikimbilia bati, mwambieni apande kwanza mti wa kivuli.