Tunu, Karura na Maandamano ya Wanawake

Mwalimu mwenzangu, ni mara ngapi umesahihisha jibu linalosema, "Tunu ni jasiri," kisha likakomea hapo? Hoja ni sahihi lakini ni nyembamba. Watahiniwa wengi huweka ujasiri wa Tunu chini ya sifa za wahusika, kufungwa kwa Soko la Chapakazi chini ya uongozi mbaya, na maandamano chini ya mapinduzi. Katika Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea, hayo yote yamefumwa kwa uzi mmoja.

Tazama chanzo. Soko linafungwa ili Majoka ajenge hoteli ya kifahari. Ardhi ya umma inageuzwa mali ya mkubwa, na anayeumia kwanza ni anayetafuta cha kupika jioni. Ndiyo maana Ashua anamwendea Majoka kuomba msaada kwa ajili ya wanawe. Mwanamke wa Sagamoyo haandamani kwa kupenda makuu. Anaandamana kwa kuwa chungu ki tupu.

Historia yetu inatusaidia kulielewa jambo hili. Prof. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt mwaka wa 1977, alikuwa amesikia kilio cha wanawake wa mashambani: kuni zimeadimika na maji yako mbali. Wakapanda miti. Mwaka wa 1989 alipinga jumba la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Januari 1999, yeye na wenzake walikwenda kupanda miti katika msitu wa Karura, uliokuwa umegawiwa wastawishaji wa kibinafsi. Walishambuliwa, naye akajeruhiwa kichwani. Msitu ulinusurika. Leo, ukame na mafuriko vinapopokezana, tunafahamu zaidi thamani yake: miti hufyonza hewa ya kaboni inayoongeza joto duniani.

Tunu naye anavamiwa na wahuni, akaumizwa mguu. Mfanano huo unavutia, lakini tahadhari, mtahiniwa! Usiandike kwamba Tunu ndiye Wangari. Matini haisemi hivyo, na ushahidi wako sharti utoke katika matini.

Tofauti yao ina uzito zaidi. Mwishoni mwa tamthilia, Kingi, mkuu wa polisi, anakataa kuamuru raia wapigwe risasi. Karura hapakuwa na Kingi siku ile. Mwandishi ametupa mwisho tunaoutamani, na hapo ndipo palipo na nguvu na udhaifu wa kazi yake. Nguvu, kwa sababu anaonyesha kwamba umati ulioungana unaweza kuigusa dhamiri ya mwenye bunduki. Udhaifu, kwa sababu msomaji anaweza kudhani ushindi huja kwa siku moja. Wanawake wa Green Belt walipanda miche kwa miaka zaidi ya 20 kabla ya Karura.

Kigogo si kitabu teule tena, lakini funzo lake halijapitwa na wakati. Unapojibu swali kuhusu nafasi ya mwanamke katika kitabu chochote, jiulize: anatetea nini, kwa nini yeye, na anatumia mbinu gani? Hapo jibu lako litakuwa na nyama.

Zoezi: "Mwenye njaa ndiye mlinzi wa kwanza wa mazingira." Jadili kwa kurejelea tamthilia uliyosoma. (alama 20)