Kuituamisha Bia

Mpika bia wa fleti za Hurlingham haamini ulimi peke yake. Humimina kidogo kwenye glasi, akaiinua mbele ya ukurasa wa Taifa Leo, akajaribu kusoma. Herufi zikififia, chupa zibaki kabatini.

Kinachozifunika ni hamira iliyokwisha kula sukari lakini bado inaelea, pamoja na protini za shayiri zilizoshikana na tanini. Dawa ya kwanza ni baridi: ndoo ya lita 20 ikae ndani ya friji, nyuzi mbili tatu za Selsiasi, siku kadhaa, wala isiguswe. Stima ikipotea, mlango usifunguliwe.

Wenye haraka huongeza jelatini, nusu kijiko cha chai iliyoyeyushwa kwenye maji moto yasiyochemka. Jelatini ina chaji chanya, hamira ina chaji hasi. Hukumbatiana, huwa nzito, huzama pamoja. Ila jelatini hutoka kwenye ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe, kwa hiyo muungwana huwauliza wageni wake kwanza. Waingereza walizoea kutumia vibofu vya hewa vya samaki, yale mabondo ambayo wavuvi wa sangara kule Ziwa Viktoria huwauzia wachuuzi wa soko la Uchina.

Si kila pombe inayodai usafi huu. Busaa ya Waluhya hunywewa nzito, na ule mrija mrefu, oluseke, una kichungi kwenye ncha yake: kazi ya kuchuja ameachiwa mnywaji. Mpango wa busara, nami siudharau. Lakini anayefunga bia kwenye chupa hana mrija wa kujitetea. Lazima amalize kazi kabla ya kizibo.

Na kazi yenyewe iko kwenye mpira wa kuhamishia. Ndoo hupandishwa mezani tangu jana yake ili itulie tena. Ncha ya mpira huning'inia katikati ya bia, kisha hufuata kina kinavyoshuka, polepole, mpaka ule utandu wa chini uonekane, wa rangi ya maziwa ya chai, mzito kama uji uliolala. Ukitazama kwa makini utaona chembe zake zinaanza kusogea kuelekea mdomo wa mpira. Hapo mwanagenzi huinamisha ndoo kutafuta glasi moja zaidi. Fundi hubana mpira. Lita nzima inabaki chini, bia aliyoipika mwenyewe, na anaimwaga bila kugeuka nyuma. Ujasiri huo wa kuacha ndio ninaousifu kuliko friji na jelatini zote.

Asihofu kwamba ameisafisha kupita kiasi. Hata bia inayopitisha herufi za gazeti ina hamira ya kutosha kula gramu sita au saba za sukari inayoongezwa kwa kila lita kabla ya kizibo na kutia gesi ndani ya wiki mbili. Hamira hiyo nayo itatuama chini ya chupa, utando mwembamba tu. Mimina kwa mkono mmoja bila kusitasita, uache kidole kimoja. Na mgeni anayeshikilia kwamba vitamini ziko huko chini, mpe chupa.