Kibao Kikipita, Picha Hupotea

Anayetazama Gerhard Richter Painting, filamu ya hali halisi ya Mjerumani Corinna Belz iliyotoka mwaka 2011, asitarajie kufafanuliwa sanaa. Hamna msimulizi. Ipo sauti ya Belz tu nyuma ya kamera, ikiuliza maswali mafupi yanayojibiwa nusunusu. Kazi ya kueleza imeachiwa kibao.

Kibao hicho ni kipande kirefu cha plastiki ngumu chenye mshikio. Mchoraji Gerhard Richter hukipaka rangi, akakikandamiza kwenye turubai kubwa na kukiburuta kwa uzito wa mwili mzima. Belz ameupa mkwaruzo wake nafasi ambayo filamu nyingi za wachoraji huwapa wapiga kinanda, na sikio linaanza kupima uzito wa rangi kabla ya jicho.

Ustadi wenyewe, hata hivyo, uko katika uhariri. Picha huanza kwa manjano, nyekundu na buluu. Inatulia, tunaizoea, tunaipenda. Kisha kibao kinapita na tuliyoipenda imezama. Katika Le mystère Picasso (1956), mwongozaji Clouzot alimficha mchoraji nyuma ya karatasi, mistari ikawa inazuka yenyewe. Belz anafanya kinyume: anatuonyesha mkono, hatua za kurudi nyuma, kusimama kwingi bila kutenda. Lakini uamuzi hauonekani. Kwa nini hii imefunikwa na ile imesalimika? Filamu inakata, na tunaikuta turubai ikiwa nyingine.

Halafu kamera nayo inatiwa kizimbani. Richter anasema kuchora huku akitazamwa ni kubaya kuliko kulazwa hospitali. Mwongozaji mwoga angeliondoa hilo. Belz ameliacha, na tangu hapo kila anaposita mzee huyu, wakati huo mwenye miaka 77, tunashuku mawili: ama picha imemshinda, ama tunamsumbua sisi.

Belz ana staha pia katika habari za wazazi wa Richter, ambao hakuwaona tena baada ya kuihama Ujerumani Mashariki mwaka 1961. Msiba huo haufanywi ufunguo wa picha zinazofutwa, ingawa kishawishi kilikuwapo.

Mazungumzo na mwanahistoria wa sanaa Benjamin Buchloh ndiyo yanayonichosha. Yamekaa kama yaliyoazimwa kutoka filamu nyingine. Ningeyapunguza, nikaongeza zile modeli za kumbi za maonyesho ambamo Richter hupanga nakala ndogo za picha zake, maana humo tunamwona akiamua bila kuchafua mikono.