Kasoro ya Istilahi "Mtoa Habari"

Idara ya anthropolojia haijengwi na wahadhiri peke yao. Tangu Luther Gerlach alipoandika, mwaka 1963, juu ya wachuuzi wa baiskeli Wadigo na Waduruma, hadi misitu ya kaya, Kinondo ya Diani ikiwamo, ilipotambuliwa na UNESCO mwaka 2008, watafiti wamewategemea wenyeji wa Kwale waliojitolea kueleza na kufasiri. Vitabuni huitwa "watoa habari". Istilahi hii ina kasoro. Habari hutolewa hata na mpita njia. Mzee wa ngambi hupima lipi lisemwe na lipi lisitiriwe. Huko ni kuhakiki. Yafaa aitwe mtaalamu mwenzi, na tasnifu isomwe mbele yake, kwa Kidigo, kabla ya kutahiniwa.