Sikio Kabla ya Maana: Uhakiki wa Vigezo vya Uundaji wa Istilahi kwa Kurejelea Pwani ya Bagamoyo

Mjadala wa uundaji wa istilahi za Kiswahili umetawaliwa kwa muda mrefu na swali la chanzo: neno litafutwe kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu na za Kiafrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Mpangilio huu una manufaa yake. Ndio uliotuwezesha kupokea ikulu kutoka Kinyamwezi. Pengo lake, kwa maoni ya mtafiti, ni kwamba unauliza neno limetoka wapi bila kuuliza linasikikaje. Msikilizaji hana kamusi mkononi. Hulinganisha sauti ngeni na maneno anayoyajua, na mwelekeo wake kwa neno huanzia hapo.

Istilahi ya uzamivu, inayosomeka kwenye majalada ya tasnifu nyingi za ngazi hii, ni kielelezo cha karibu. Kimofolojia haina kasoro: shina ni zama, kiambishi -ivu kinajulikana, na sitiari ya kupiga mbizi katika maarifa inapendeza. Hata hivyo, katika pwani inayotoka Kunduchi hadi Mbegani na Kaole, kuzama ni msiba wa mvuvi na chombo chake. Kuzamia nako, katika mazungumzo ya mjini, ni kusafiri kwa meli kwa kujificha, na mzamiaji ni mtu asiye na tiketi. Mwishilizo -ivu unaleta utulivu na usikivu, lakini pia uvivu. Juu ya hayo, silabi ya mwisho tu ndiyo inayotenga uzamivu na uzamili, kiasi kwamba anayesikia maneno haya kwa mara ya kwanza hawezi kujua lipi ni la ngazi ya juu. Waundaji walizingatia mzizi wakausahau ukoo mzima wa maneno uliokwisha kujengwa juu yake.

Jambo hili halimaanishi kwamba neno laini hushinda. Kompyuta ina mfuatano wa konsonanti usio wa kawaida katika Kiswahili, lakini imeenea kuliko tarakilishi, ambayo silabi zake zote ni wazi. Mtafiti anaona sababu moja ni kwamba kompyuta haimwahidi msikilizaji chochote. Tarakilishi humfanya atafute maana. Hupata tarakimu nusu, kisha hukutana na mwangwi wa mwakilishi, akabaki njiani.

Kishikwambi nacho kilisikika kizito. Lakini katika Sensa ya mwaka 2022 makarani walikibeba nyumba kwa nyumba, na baadaye walimu wakagawiwa. Neno lililoshikwa mkononi kila siku hulizoesha sikio. Istilahi za nadharia hazina bahati hiyo.

Jina la Bagamoyo lenyewe linaonyesha mpaka wa hoja ya sauti. Wengi hulirejesha kwenye bwaga moyo, na udondoshaji wa /w/ umeifanya amri hiyo isiwe wazi tena. Katika simulizi ya wapagazi waliotoka bara na pembe za ndovu, moyo unabwagwa kwa faraja ya kufika. Katika simulizi ya utumwa, unabwagwa kwa kukata tamaa kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Sauti ni zilezile, na kila simulizi inazisikia kwa namna yake.

Kwa hiyo kigezo kinachopendekezwa hapa hakiwezi kuwa orodha ya sauti nzuri na mbaya itakayotungwa ofisini. Rasimu ya istilahi isomwe kwa sauti, bila fasili, mbele ya watakaoitumia, nao waulizwe imewakumbusha neno gani, kabla Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) halijaisanifisha. Kwa istilahi za bahari, pa kuanzia papo: kampasi ya Mbegani ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, ambako wanafunzi na wavuvi wa Bagamoyo wanatumia maji yaleyale.