Sufuria ya Konyo Konyo: Metali Yake Ilitoka Wapi?

Barabara ya kutoka Nimule mpakani hadi Juba ina urefu wa kilomita 192, na lami yake ilikamilika mwaka 2012 kwa fedha za Marekani. Unga, saruji, mafuta ya kupikia na sabuni hupita humo kutoka Uganda, na mizigo ya Mombasa pia. Sufuria nazo hupita humo humo. Ndiyo maana mnunuzi anayesimama mbele ya rundo la vyombo katika soko la Konyo Konyo, Juba, anatazama viwanda na karakana za Afrika Mashariki nzima, pamoja na bidhaa za India na China, ingawa hakuna kibandiko kinachomwambia kipi kimetoka wapi.

Swali linaloulizwa sana ni jepesi: alumini au stenlesi, ipi salama zaidi kwa chakula? Likiulizwa hivyo, jibu lake hupotosha. Ndani ya neno "alumini" mna vyombo viwili tofauti kabisa, na hatari kubwa imejificha katika kimoja tu.

Cha kwanza ni sufuria ya bamba. Kiwandani, kama vile Kaluworks ya Pwani ya Kenya, alumini hupitishwa kwenye mitambo ya kuviringisha mpaka iwe bamba lenye unene mmoja. Bamba hukatwa duara, kisha hukandamizwa au kuzungushwa kwenye mashine likashika umbo la sufuria. Chombo hiki ni chepesi, ukingo wake umekunjwa, na ukikikagua karibu utaona mistari myembamba inayozunguka ubavuni.

Cha pili ni sufuria ya kusubu, na hapa ndipo penye mambo. Katika karakana za aina ya Katwe, Kampala, fundi huchukua sufuria iliyokwisha kutengenezwa akaifunika kwenye fremu iliyojaa mchanga wenye unyevunyevu. Hushindilia mchanga ndani na nje, kisha huiondoa taratibu. Nafasi inayobaki ndiyo kalibu. Pembeni, tanuru la makaa linapulizwa hewa na chungu cha kuyeyushia kimejazwa vyuma chakavu. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, joto ambalo makaa na feni ndogo hulifikia bila shida. Fundi huengua takataka zinazoelea, humimina uji wa metali, husubiri kidogo, hubomoa mchanga na kuanza kupiga tupa. Kinachotoka ni chombo kizito, kinene, chenye chembechembe za mchanga kwenye ngozi yake na masikio yaliyosubiwa pamoja nacho. Mama lishe anayepikia watu wengi hukipenda, na ana sababu: hakibonyei, wala hakiunguzi chakula kirahisi.

Stenlesi haiwezi kutengenezwa kwa njia hiyo. Huyeyuka kwenye nyuzi 1,400 na zaidi, kiwango ambacho tanuru la uani haliwezi kukifikia. Kwa hiyo kila sufuria ya stenlesi iliyopo Juba imetoka kwenye kiwanda kikubwa mahali fulani, ikiwa na mchanganyiko uliopangwa. Kwa maoni ya mchambuzi huyu, jambo hilo lina uzito kuliko sifa zote za kikemia zinazotajwa kwenye matangazo. Stenlesi ina usalama zaidi kwa sehemu kwa sababu hakuna anayeweza kuisubu kutokana na rejeta ya gari.

Rejeta ndiyo kiini cha hadithi. Rejeta za zamani ziliunganishwa kwa lehemu yenye risasi, na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, kabla alumini haijaanza hata kulainika vizuri. Rundo la skrepa likiwa na vipande vya injini, rejeta, vifaa vya umeme na makopo, vyote huishia kwenye chungu kimoja. Jicho haliwezi kuitenga risasi iliyokwisha kuchanganyika, na kuengua takataka za juu hakuiondoi.

Jambo hili lilipimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ashland, Ohio, wakishirikiana na shirika la Occupational Knowledge International, walianza na sufuria za Cameroon katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014. Mwaka 2017 walichapisha matokeo ya vyombo 42 kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo. Njia yao ilikuwa rahisi kueleweka: kila chombo kilitiwa asidi hafifu ya siki, kikachemshwa kwa saa mbili kama mchuzi mkali unavyochemka, kisha maji yale yakapimwa kuona yamebeba nini. Karibu theluthi moja ya vyombo vilitoa risasi ya kutosha kuwa tishio. Kilichozidi vyote kilitoa hadi maikrogramu 1,426 kwa kipimo cha mlo mmoja. Kwa kulinganisha, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, hutumia maikrogramu 2.2 kwa siku kama kiwango cha rejea kwa mtoto. Kadimi na aseniki nazo zilipatikana katika baadhi ya vyombo.

Alumini yenyewe ilitoka kwa wingi: wastani wa miligramu 125 kwa mlo, ilhali kiwango walichokitumia watafiti kwa mtu mzima wa kilo 70, kwa kufuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, kilikuwa miligramu 20 kwa siku. Takwimu hiyo inatisha, lakini isomwe kwa utulivu. Mwili hunyonya chini ya asilimia moja ya alumini inayoliwa, na figo zenye afya huitoa. Wenye hatari ya kweli ni wagonjwa wa figo. Katika miaka ya 1970 madaktari waligundua kwamba alumini iliyoingia mwilini wakati wa kusafishwa damu iliwaharibu ubongo. Ile hofu maarufu kwamba sufuria huleta ugonjwa wa kusahau haijathibitishwa mpaka leo. Risasi ni habari nyingine: Shirika la Afya Duniani husema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto.

Alumini hujilinda kwa utando wa oksidi, mwembamba mno, unaojitengeneza mara metali inapokutana na hewa. Utando huo hustahimili vyakula visivyo vikali: maji, wali, maharage, uji mtamu. Asidi ikizidi, au magadi yakizidi, huyeyuka. Meza ya Juba ina vyote viwili. Unga wa mtama unaochachushwa kwa ajili ya kisra, ule mkate mwembamba, huwa mchachu kweli kweli. Karkade na ukwaju ni vikali zaidi ya nyanya. Upande wa pili kuna magadi yanayotiwa ili mboga na maharage yalainike upesi. Mchuzi wa nyanya uliopikwa jioni na kulazwa ndani ya sufuria ile ile hadi asubuhi umepata saa nyingi za kuchokoa metali, hata baada ya moto kuzimwa.

Halafu kuna usafi. Sufuria mpya ya alumini ikichemshiwa maji mara kadhaa hubadilika rangi ndani, ikawa ya kijivu au nyeusi, na mwenye nyumba huona aibu. Huchukua mchanga, majivu au sufi ya chuma na kusugua hadi ing'ae kama kioo. Weusi ule ni utando wa oksidi ulionenepa, ngao yenyewe, na majivu yenye magadi huung'oa haraka zaidi. Nje ya sufuria na ing'ae kadiri mtu apendavyo. Ndani ioshwe kwa sabuni na kitambaa laini.

Stenlesi nayo haijatoka peponi. Harry Brearley wa Sheffield aliitengeneza mwaka 1913 kwa kuongeza kromi kwenye chuma, na kromi ndiyo inayojenga utando wake, imara kuliko ule wa alumini mbele ya asidi. Aina ya kawaida ya jikoni ina kromi asilimia 18 na nikeli asilimia 8 hivi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon State walipika mchuzi wa nyanya ndani yake wakaona, katika utafiti wa mwaka 2013, kwamba nikeli hutoka kwa wingi mara za mwanzo kisha hupungua. Kwenye upishi wa kumi ilibaki maikrogramu 88 hivi kwa mlo. Kwa wengi hilo si tatizo. Kwa mwenye mzio wa nikeli linaweza kuwa tatizo. Na wale wanaotembea sokoni na sumaku wakidai inatambua stenlesi ya kweli wanajidanganya: stenlesi nyingi nzuri hazishiki sumaku, nyingine nzuri zinashika, na ile ya bei rahisi yenye manganisi nyingi nayo mara nyingi haishiki.

Udhaifu wake mkubwa uko jikoni. Alumini hupitisha joto mara 15 hivi kuliko stenlesi. Sufuria nyembamba ya stenlesi juu ya mafiga huungua pale ulimi wa moto unapogusa, huku pembeni asida, yaani ugali, ikiwa bado mbichi. Jambo hili linawahusu watu wengi Juba, kwa kuwa mashirika ya misaada yaliyowahudumia waliokimbilia vituo vya Umoja wa Mataifa vya Tongping na UN House vita vilipozuka Desemba 2013 hufuata katalogi za vifaa vya dharura. Katika katalogi ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, seti ya jikoni ya familia ya watu 5 ina sufuria ya lita 7, nyingine ya lita 5, kikaango, bakuli, sahani na vikombe, vyote vya stenlesi. Uamuzi huo ni sahihi kiafya, kwani chombo kilichonunuliwa kwa vipimo hakina rejeta ndani yake. Mpishi, hata hivyo, atalazimika kupunguza moto na kukoroga mara nyingi zaidi.

Marekani yenyewe ilijifunza hatari hiyo ya risasi kupitia wageni. Huko Seattle, maofisa wa afya wa King County walipochunguza kwa nini watoto wa wakimbizi wa Afghanistan walikuwa na risasi damuni, walifika kwenye sufuria za alumini zilizoletwa kutoka nyumbani. Za stenlesi zilitoa kidogo mno. Mwaka 2024 jimbo la Washington lilipitisha sheria dhidi ya vyombo vya kupikia vyenye risasi.

Kwa Juba, kupiga marufuku sufuria za kusubu kungewaumiza wauzaji na mafundi bila kusafisha skrepa. Mahali pa kukaza ni kabla ya tanuru. Kopo la soda ni safi, lakini ni jembamba mno, na sehemu kubwa yake huungua ikawa takataka. Isitoshe, metali yake haitiririki vizuri kwenye kalibu na sufuria hutoka na matundu. Kipande cha injini kina silikoni inayoifanya metali itiririke, na hutoa uzito mwingi kwa makaa yale yale. Hiyo ndiyo hesabu inayomsukuma fundi. Kuondoa rejeta na kila kipande chenye lehemu kwenye rundo hakumgharimu sana. Kupaka utando ndani ya sufuria, hatua ambayo katika utafiti wa 2017 ilipunguza alumini inayotoka kwa zaidi ya asilimia 98 na metali nyingine kwa kiasi kinachokaribia hicho, kunahitaji vifaa ambavyo karakana ya mchanga na feni haina.