Mpini wa Naginata

Ukiishika naginata gizani, kiganja kitakuambia makali yameelekea wapi. Mpini wake haukuchongwa mviringo kama mchi. Umebanwa ubavuni ukapata umbo la yai, sambamba na makali. Nawaomba wanaopenda picha za wanawake wapiganaji wa Japani waanzie hapo, mikononi. Wachoraji wametuzoesha kutazama nywele na vazi.

Naginata ni bapa la upanga uliopinda, limepachikwa kwenye mti mrefu. Katika enzi ya Edo nchini Japani mabinti wa nyumba za samurai walifunzwa kuitumia, na faida yake ni umbali. Mwenye upanga hana budi kusogea. Mwenye naginata humkata angali njiani, tena chini, kwenye muundi, ambako upanga haufiki mpaka mtu ainame. Adui akipenya, viganja huteleza juu ya mpini, mti huvutwa nyuma, na silaha ndefu huwa fupi papo hapo. Kitako nacho hupiga. Pigo huanzia kwenye hatua na kiuno, bega hulifuata tu, kwa hiyo mwenye mwili mdogo hakosi nguvu ya kukata.

Tomoe Gozen, mwanamke mpiganaji wa Japani katika utenzi wa vita Heike Monogatari, anasifiwa kwa upinde na upanga. Katika vita vya Awazu, mwaka 1184, alimvuta adui kutoka kwenye farasi, akambana kwenye tandiko lake mwenyewe na kumkata kichwa. Wachoraji wa karne za baadaye walimpa naginata mara nyingi, kwa kuwa katika zama zao hiyo ndiyo iliyohesabiwa silaha ya mwanamke. Kwangu mimi, walimpunguzia.

Mwaka 1868 ngome ya Aizu ilipozingirwa, Nakano Takeko, msichana wa miaka ishirini na ushee, aliwaongoza wanawake wenye naginata kuwakabili askari wa serikali mpya. Wale walikuwa na bunduki. Umbali, uliokuwa mali ya wanawake hawa, sasa ulikuwa wa adui. Inasimuliwa kwamba askari walipotambua wanapigana na wanawake, waliamriwa wasifyatue, wawakamate hai. Kwa kitambo hicho mapigano yalirudi kwenye urefu wa mpini, na Takeko akaangusha watu kadhaa kabla risasi haijampata. Hakutaka kichwa chake kiwe nyara. Mdogo wake Yuko alihakikisha hakiachwi uwanjani, kikazikwa katika hekalu la Hokai-ji.